Chumvi na mrututu havimtishi kila kuvu

Masika yakikolea, ng'onda hutokwa jasho. Samaki aliyepasuliwa, akasuguliwa chumvi ya mawe na kuanikwa mpaka akakakamaa, huanza kulowana tena akiwa palepale mezani, ingawa hakuna aliyemmwagia maji. Siku chache baadaye, juu ya nyama yake huchomoza madoa madogo ya rangi ya kahawia, mengine hayazidi kichwa cha pini. Muuzaji huyapangusa kwa tambara, na mteja akiuliza huambiwa ni vumbi la njiani.

Si vumbi. Ni kuvu, na aliye maarufu kwa tabia hiyo ni wa jenasi ya Wallemia. Mmoja wa ukoo huo, Wallemia ichthyophaga, alielezwa kisayansi tangu mwaka 1887 na Mnorwe Johan-Olsen, aliyemkuta kwenye samaki wa chumvi. Kuvu huyu havumilii chumvi tu, anaidai. Ukimwekea chakula chenye chumvi pungufu ya asilimia 9 hivi, hakui kabisa. Maji ya bahari, yenye chumvi ya asilimia 3.5, kwake ni chapwa mno.

Silaha mbili tulizozizoea zaidi katika kupigana na kuvu ni chumvi na shaba. Chumvi ni ya mvuvi na mpishi. Shaba ni ya mkulima wa kahawa, anayeijua kwa jina la mrututu. Zote mbili zinafanya kazi, na sikuketi hapa kuzibeza. Lakini kila moja ina mahali inapoishia, na mahali hapo hapakuamuliwa na mvuvi wala bwana shamba. Pameamuliwa na kuvu mwenyewe, kwa mbinu chache ambazo sayansi imezifahamu vizuri katika miaka arobaini hivi iliyopita.

Tuanze na chumvi. Haimuui kuvu kwa ukali wake, inamnyima maji. Anayekamua vitunguu vya kachumbari kwa chumvi amekwisha kuiona kazi hiyo: vitunguu hulegea na maji hujaa bakulini, kwa sababu chumvi iliyo nje imeyavuta maji yaliyokuwa ndani ya seli. Seli ya kuvu nayo hupatwa na hayo hayo. Chumvi ikiijia ghafla husinyaa katika sekunde chache, na kila kazi ya ndani inayohitaji maji husuasua au kusimama.

Wataalamu wa chakula wana kipimo cha maji ambayo kiumbe anaweza kuyatumia. Maji safi yamepewa 1. Maji yaliyoshiba chumvi kabisa hushuka hadi 0.75 hivi. Bakteria wengi wanaoozesha samaki hukwama kabla ya kushuka hadi 0.90, na Aspergillus flavus, yule kuvu anayetia sumukuvu kwenye mahindi na karanga, huishia karibu na 0.80. Ndiyo maana ng'onda aliyetiwa chumvi sawasawa hukaa miezi. Ila namba hiyo ya 0.75 ina upande wa pili. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, chumvi huanza kunywa maji kutoka hewani na kuyeyuka. Tanga, Mombasa au Unguja wakati wa masika, hewa huvuka kiwango hicho mara kwa mara, hasa usiku. Jasho la ng'onda linatoka hapo, na tone hilo la maji ya chumvi kali ndilo makazi ambayo Wallemia alikuwa akiyangojea.

Kuvu anawezaje kukaa humo bila kukauka? Jibu la kwanza lilipatikana kwa kiumbe tuliye naye jikoni: hamira. Mwaka 1993, maabara ya Michael Gustin katika Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, ilieleza njia ambayo seli ya hamira huitumia kupeleka habari ya hatari kutoka kwenye utando wa nje hadi kwenye kiini. Protini inayobeba habari hiyo inaitwa Hog1. Chumvi ikiingia, Hog1 huwa kwenye kiini ndani ya dakika chache, na jeni nyingi huwashwa. Iliyo muhimu kati ya hizo ni inayoamuru sukari igeuzwe kuwa gliseroli, ile glisirini tunayonunua dukani kwa ajili ya ngozi kavu. Ndani ya seli gliseroli hujaza nafasi ya chumvi: huyavuta maji yarudi, lakini haiharibu protini. Wakati huo huo mlango ambao gliseroli ingetokea hufungwa. Baada ya muda wa kama saa moja, seli iliyokuwa imesinyaa huwa imerudia umbo lake.

Gharama yake si ndogo. Sukari iliyogeuzwa gliseroli haiwezi tena kuwa nguvu wala seli mpya. Mwoka mikate aliyezidisha chumvi kwenye donge akaona linachelewa kuumuka, sehemu ya sababu ndiyo hiyo.

Halafu kuna shida ya pili, ambayo mara nyingi husahaulika kwa sababu ya ile ya maji. Chumvi ina sodiamu, na sodiamu ikirundikana ndani ya seli ni sumu. Inafanana na potasiamu kiasi cha kupenya kwenye milango ya potasiamu, kisha huvuruga vimeng'enya vilivyozoea mgeni mwingine. Hamira hujibu kwa pampu. Moja, iitwayo Ena1, huisukuma sodiamu nje kwa kutumia nishati ya seli. Nyingine huisukumiza kwenye vakuoli, ghala la ndani la seli, ikae huko bila kugusa kitu. Kumbuka mambo haya mawili, kutoa nje na kufungia ghalani, maana tutayakuta tena tukifika kwenye shaba.

Pamoja na jitihada zote hizo, hamira ikifikishwa kwenye chumvi ya asilimia 10 hujikokota. Wallemia ichthyophaga hapo ndiyo kwanza anaanza kujisikia yuko nyumbani.

Naye hayuko peke yake. Kwenye pwani ya Slovenia, karibu na mji wa Piran, kuna mashamba ya chumvi ya Sečovlje. Kwa karne kadhaa chumvi imevunwa huko kwa mikono, juu ya tabaka jembamba la vijiumbe na jasi liitwalo petola, ambalo huizuia chumvi isishikane na tope la chini. Kwa muda mrefu vitabu vilisema kwamba kwenye maji ya namna hiyo, chumvi inapoanza kuganda, hakuna anayeishi isipokuwa vijiumbe wa jamii ya bakteria na mwani mmoja mmoja. Mwaka 2000, Nina Gunde-Cimerman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ljubljana walichapisha matokeo yaliyobadilisha kauli hiyo. Humo kwenye maji ya Sečovlje walikuta kuvu weusi, hai, wanaozaliana. Baadaye wenziwao walipatikana kwenye mashamba ya chumvi ya nchi nyingine, Namibia ikiwamo.

Aliyepata umaarufu zaidi ni Hortaea werneckii. Anaota kwenye chakula kisicho na chumvi hata chembe, na anaota kwenye maji yaliyokaribia kushiba chumvi, asilimia 30. Hakuna kuvu mwingine anayejulikana kuwa na upana wa kiasi hicho. Silaha zake ni zile zile za hamira, ila kila moja imeongezewa makali. Gliseroli anayo, tena kwa wingi, na ukuta wa seli yake umesilibwa melanini nyeusi inayoziba vitundu ili gliseroli isivuje ovyo. Utando wake hubaki laini chumvi ikiwa ndogo au kubwa, wakati utando wa hamira hukakamaa. Jeni zake zilipofunguliwa na kusomwa mwaka 2013, zilihesabiwa zaidi ya 23,000, karibu mara nne ya zile za hamira, na karibu kila moja ilikuwa na pacha wake. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha chanzo: ni chotara wa koo mbili za karibu zilizoungana, kila ukoo ukaja na mizigo yake yote.

Mwaka huo huo wa 2013 zikasomwa jeni za Wallemia ichthyophaga. Hazikufika hata 5,000.

Mimi hapa ndipo naona utamu wa habari hii. Viumbe wawili, ndoo moja ya maji ya chumvi, na njia mbili zilizopishana kabisa. Mmoja amejilimbikizia kila kitu ili aweze kuishi popote. Mwingine amepunguza hadi akabaki na kile tu kinachohitajika kwenye chumvi, na amelipa kwa kushindwa kuishi penginepo. Anayetafuta "jeni ya kuvumilia chumvi" ili aipachike kwenye mpunga wa bonde lililoingiliwa na bahari atafakari kwanza hapo. Hakuna jeni moja.

Kwa msomaji mwenye viganja vya kufanyia kazi, Hortaea ana jambo jingine. Katika nchi za joto, hasa kando ya bahari, huweza kuota kwenye ngozi ya kiganja au unyayo na kuacha doa jeusi au la kahawia, tambarare, lisilouma wala kuwasha. Madaktari wamewahi kulidhania saratani ya ngozi na kulikata. Hutibika kwa dawa ya kupaka. Ukiona doa la namna hiyo nenda hospitali, na mwombe daktari akwangue kidogo aangalie kwa hadubini kabla hajashika kisu.

Tukirudi kwenye ng'onda: kuongeza chumvi juu ya samaki mwenye madoa ni kumtandikia Wallemia kitanda. Tena chumvi ya baharini yenyewe haifiki dukani ikiwa tupu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walipima aina saba za chumvi ya baharini iliyofungwa vizuri ya kuuzwa, na mwaka 2018 wakaripoti kwamba zilikuwa na mbegu hai za kuvu. Kinachomkata miguu kuvu huyu ni kukosa tone. Samaki akauke kwelikweli kabla ya kuhifadhiwa, afungwe mahali ambapo hewa ya masika haimfikii, na akianza kulowana arudishwe juani siku hiyo hiyo. Madoa ya Wallemia mara nyingi huharibu sura na bei kuliko kitu kingine, lakini ni ishara kwamba unyevu umerudi, na unyevu ukiendelea kupanda hawachelewi kuja wengine wabaya zaidi.

Bonde la Bordeaux na kihamba cha Kilimanjaro

Shaba iliingia vitani kwa heshima mwaka 1807, pale Mfaransa Bénédict Prévost alipoonyesha kwamba mbegu za kuvu wa ngano haziwezi kuchipua kwenye maji yenye chembe za shaba. Dunia haikumsikiliza sana. Ikapita miaka 75. Mwaka 1882 profesa wa Bordeaux, Pierre-Marie-Alexis Millardet, alipita kwenye mashamba ya mizabibu yaliyokuwa yameshambuliwa na ugonjwa wa majani, akaona mizabibu ya kando ya barabara ndiyo pekee yenye majani mabichi. Wenye shamba walikuwa wameinyunyizia mrututu na chokaa ili zabibu zionekane zina sumu na wapita njia waache kuiba. Mwaka 1885 Millardet alitangaza mchanganyiko huo kuwa dawa. (Mdudu mwenyewe wa ugonjwa ule, kwa hesabu za leo, si kuvu halisi. Wanasayansi wamemhamishia upande wa mwani. Mrututu haukujali.)

Kwetu mrututu ulikuja na kahawa. Kenya ilikumbwa na chulebuni mwaka 1922, ugonjwa unaozitia buni changa madoa meusi yaliyobonyea mpaka zinaoza na kudondoka, na kufikia miaka ya 1960 ulikuwa umeingia Tanzania. Ukijumlisha kutu ya majani, mkulima wa kahawa alijikuta hana msimu usio na bomba mgongoni. Waliokulia kwenye vihamba wanaujua utaratibu. Mrututu huyeyushwa kwenye ndoo ya plastiki, kamwe si ya bati, kwa kuwa shaba yake hula chuma. Chokaa hukorogwa kando, kisha vinachanganywa. Kabla ya kupiga, huchovywa kisu au msumari safi: ukitoka na utando mwekundu, shaba bado iko huru kupita kiasi na itaunguza majani, chokaa iongezwe. Utando ule mwekundu ni shaba tupu iliyohama kutoka kwenye maji na kukaa juu ya chuma. Kipimo cha maabara kilichofanyika chini ya mgomba.

Jani likilowa kwa umande, shaba kidogo huyeyuka kutoka kwenye unga ule wa buluu na kuingia kwenye mbegu ya kuvu inayojaribu kuchipua. Humo haichagui pa kupiga. Hung'ang'ania protini zenye salfa, huyafukuza madini ya chuma kwenye vimeng'enya, na huzalisha oksijeni kali inayochoma utando. Kwa sababu inapiga mahali pengi kwa mara moja, kuvu hawezi kuponyoka kwa kubadili kitu kimoja. Hii ni tofauti kubwa na dawa za kisasa zinazolenga sehemu moja: katika miaka ya 1970 baadhi ya dawa hizo zilishindwa na chulebuni nchini Kenya baada ya misimu michache tu, wakati shaba iliendelea kufanya kazi.

Lakini shaba pia ni chakula. Hakuna kuvu anayeweza kupumua bila chembe kidogo ya shaba, kwa hiyo hawezi kuifungia mlango moja kwa moja. Lazima aipime. Hamira ina mlango wa shaba kwenye utando, na shaba ikizidi mlango huo hung'olewa na kumeng'enywa. Kuna protini nyingine inayofanya kazi ya ulinzi: ikishikana na shaba hubadilika umbo, huikalia jeni iitwayo CUP1 na kuiwasha. CUP1 hutoa protini fupi yenye sisteini 12, kila moja na salfa yake, na zote zinaikumbata shaba isiguse kitu kingine. Hamira dhaifu ina nakala moja ya jeni hiyo. Hamira sugu ina nakala kumi na zaidi, zimepangwa mstari mmoja kwenye kromosomu ya nane. Usugu hapa haukuja kwa kubuni silaha mpya. Umekuja kwa kunakili ile ile ya zamani mara nyingi.

Jambo hili lina mkono hadi hospitalini. Seli nyeupe za mwili wetu, zikimmeza kuvu, humwagia shaba. Ni mrututu wa ndani. Cryptococcus neoformans, kuvu anayeingia kwa njia ya mapafu na kusababisha homa ya uti wa mgongo kwa watu ambao kinga yao imeshuka, anazo protini za kukumbatia shaba za aina ile ile. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba Cryptococcus aliyenyimwa protini hizo hushindwa kustawi kwenye mapafu ya panya. Si mzaha huo: inakadiriwa kwamba kuvu huyu anahusika na karibu kifo kimoja kati ya vitano vinavyotokana na UKIMWI duniani.

Wengine hawasubiri shaba iingie. Mwaka 1933 Mhindi Sonti Kamesam aligundua dawa ya mbao yenye shaba, kromi na aseniki, ile inayozipa nguzo nyingi za umeme rangi yake ya kijani. Watu hudhani aseniki iliwekwa kwa ajili ya mchwa tu. Iliwekwa pia kwa sababu kuna kuvu wa kuozesha mbao ambao shaba peke yake haiwafanyi kitu. Hutema asidi ya oksaliki nje ya mwili wao, asidi hiyo huishika shaba, na vyote viwili huganda kuwa fuwele zisizoyeyuka. Shaba inabaki ndani ya ubao, ipo kabisa kwa kipimo, ila haina meno. Marekani ilipoondoa dawa ya aseniki kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003, watengenezaji wakarudi kwenye dawa za shaba, na kuvu hao wakawa tatizo lao upya.

Shaba haiozi

Hapa ndipo nina ugomvi na mrututu, ingawa nimekula kahawa yake, kama wanavyosema. Dawa nyingine huvunjika kwa jua na mvua. Shaba ni elementi, haina pa kuvunjikia. Kila msimu mvua huiosha kutoka kwenye majani na kuishusha kwenye udongo wa juu, na huko inakaa. Uchunguzi wa mashamba ya kahawa ya Kenya katika miaka ya 1980, na mwingine uliofanywa Kilimanjaro baadaye, ulikuta shaba imejikusanya kwenye udongo wa mashamba yaliyopigwa dawa kwa miongo mingi. Wanaoishi kwenye udongo huo hawakukusudiwa: minyoo, bakteria, na kuvu wanaoisaidia mizizi kupata fosforasi.

Kuna na lile ambalo watafiti wa Kenya waliligundua mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwenye gome la mbuni huishi kuvu wengi wasio na madhara, ambao humbana yule wa chulebuni asipate nafasi. Dawa ya shaba ikipigwa isivyo, huwamaliza hao wapole, na mibuni iliyopigwa kidogo au kwa wakati mbaya iliweza kuugua kuliko ile ambayo haikuguswa kabisa. Ratiba ya upigaji dawa ikapangwa upya kwa kufuata mvua. Suluhisho la kudumu zaidi lilitoka kwa wazalisha mbegu: Kenya ilitoa Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010, na kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu, Kilimanjaro, kimekuwa kikitoa aina zake zinazostahimili chulebuni na kutu. Mkulima anayeng'ang'ania mibuni ya babu kwa sababu ya ladha simlaumu. Anayeng'ang'ania mrututu kwa sababu ndio alioukuta, huyo namwomba aanze kuhesabu gharama ya udongo.

Udongo uliojaa metali nao una wakazi wake. Lommel, kaskazini mwa Ubelgiji, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha zinki kilichofanya kazi tangu 1904 hadi 1974. Moshi wake uliua mimea kiasi kwamba eneo la mchanga mtupu lililobaki linaitwa hadi leo Sahara ya Lommel. Misonobari iliyopo hapo inaishi kwa msaada wa uyoga wenye kofia ya kahawia inayoteleza, Suillus luteus, ambao nyuzi zake huifunga mizizi ya mti. Jan Colpaert wa Chuo Kikuu cha Hasselt na wenzake waliulinganisha uyoga wa Lommel na wa aina hiyo hiyo ulioota kwenye udongo safi. Ule wa Lommel ulistahimili zinki kwa kiwango kilichomzuia kabisa mwenzake asikue. Mbinu ni zile tulizoziona kwenye chumvi: kuitoa nje ya seli, na inayobaki kuifungia kwenye vakuoli. Miche ya misonobari iliyopewa kuvu sugu ilivumilia zinki kuliko iliyopewa kuvu dhaifu. Yote hayo yametokea ndani ya karne moja, muda mfupi mno kwa mambo ya mageuzi.

Habari kama hizi zimezaa matumaini, na matumaini yamezaa chumvi nyingi kwenye maneno. Husemwa kwamba kuvu "wanakula" metali nzito, kwamba siku moja tutamwaga kuvu kwenye mabwawa ya takataka za migodi na kurudi kukuta maji safi. Geoffrey Gadd wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, ameonyesha kuvu wakiigeuza urani kuwa madini yasiyoyeyuka, na mwaka 2022 watafiti wa China na Marekani walieleza jinsi Metarhizium robertsii, kuvu anayeishi na mizizi ya mimea, anavyoivunja zebaki ya methili, iliyo mbaya kuliko zote, na kuigeuza zebaki isiyo na ukali huo. Ni kazi za heshima. Ila zebaki iliyogeuzwa ni zebaki bado. Risasi iliyogandishwa ni risasi bado. Kuvu hana tanuri la kuunguza elementi. Anaihamisha, anaifunga, anaibadilisha umbo, na asidi ikiongezeka kwenye udongo ule, kilichofungwa kinaweza kufunguka tena. Anayekuuzia unga wa kuvu wa "kumaliza" zebaki kwenye shimo lako la dhahabu anakuuzia nusu ya habari.

Na kuna nusu nyingine inayotuhusu zaidi, kwa sababu inaingia kwenye sufuria. Mbinu ile ya kufungia sumu ghalani inamfaa kuvu. Haimfai anayemla. Uyoga wa porini wa aina kadhaa umepimwa ukakutwa na kadimi, zebaki au risasi nyingi kuliko zilizo kwenye udongo wenyewe au kwenye mboga zilizoota jirani, na kwa nje ukiwa mzuri, mnene, usio na doa. Msimu wa mvua ukianza, kwenye miombo ya Tabora na Katavi hadi Katanga ya juu, watu huingia porini na vikapu, na uyoga huuzwa kando ya barabara. Huo ni mlo wa asili na wenye afya, sina neno nao. Neno langu ni mahali ulikochumwa. Lubumbashi ilijengewa tanuri la shaba lililowashwa 1911, na udongo ulio upande ulikokuwa ukienda moshi wake unajulikana kwa uchafu wa metali. Geita, Chunya na Migori kuna mahali pengi ambapo wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki na kuichoma.

Kwa hiyo muulize muuzaji uyoga umetoka wapi. Usichume ulioota karibu na mgodi, kiwanda cha kuyeyushia madini, mahali pa kuoshea dhahabu, au kando ya barabara kuu yenye magari mengi. Kuuchemsha na kumwaga maji kunapunguza baadhi ya sumu za uyoga wenyewe, lakini metali nzito haziharibiwi na moto wa jikoni.